Macho makavu yanayotokana na kuziba kwa tezi za mafuta za kope: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo watu wa Tanga huyarudia kila wanapokuja kulalamikia macho: mafundi cherehani wa Ngamiani, madereva wa bodaboda, wafanyakazi wa mkonge, wanafunzi wanaokesha na simu, na kina bibi waliokwisha kuchoka kununua matone. Majibu yanaeleza tatizo na namna ya kulitunza. Hayachukui nafasi ya kupimwa na mtaalamu wa macho.

## Kulielewa tatizo

1. Tezi za mafuta za kope ni zipi, na ziko wapi hasa?

Simama mbele ya kioo mahali penye mwanga wa kutosha, kisha ivute kope ya chini kidogo kwa kidole. Nyuma tu ya mstari wa nywele za kope utaona safu ya vitundu vidogo mithili ya alama za ncha ya sindano. Kila kitundu ni mlango wa tezi moja iliyosimama wima ndani ya kope. Kope ya juu huwa na tezi kati ya 25 na 40, na ya chini kati ya 20 na 30. Wataalamu huziita tezi za Meibom, kwa jina la tabibu wa Kijerumani Heinrich Meibom aliyezieleza mwaka 1666.

Kila unapopepesa macho, kope hubanana na kukamua mafuta kidogo sana, nayo husambaa juu ya machozi kama yale mafuta yanayoelea juu ya mchuzi.

2. Ikiwa machozi yapo, kwa nini jicho likauke mafuta yakikosekana?

Machozi si maji matupu. Chini kabisa, karibu na jicho lenyewe, kuna ute unaoyafanya yashike. Katikati kuna maji. Na juu kuna utando mwembamba wa mafuta unaoyazuia maji hayo yasiruke hewani. Utando wa juu ukipungua, maji hukauka kabla hujapepesa tena, na uso wa jicho hubaki wazi kwa upepo na vumbi.

Mafuta ya kope hayapotei ghafla. Mara nyingi huanza kwa kuganda. Mtu wa Tanga anayebeba chupa ya mafuta ya nazi kwenda Lushoto mwezi wa saba anajua jambo hili: mjini yalikuwa yanamiminika, kule juu yamekuwa meupe na magumu, na hayatoki hadi chupa iwekwe juani. Mafuta ya kope yenye afya hulainika kwa joto la kawaida la kope. Yaliyoharibika huhitaji joto zaidi ya hilo, kwa hiyo hubaki ndani mazito kama dawa ya meno na kuziba mlango. Matibabu karibu yote yaliyoelezwa hapa chini yanatokana na ukweli huo mmoja.

3. Macho yangu yanatiririka machozi mchana kutwa. Mbona naambiwa ni makavu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa mashaka kuliko yote, na wanaouliza wana haki ya kushangaa. Jicho linapokauka huwashwa, na likiwashwa hutoa machozi mengi kwa mpigo, kama linavyofanya mtu anapokata kitunguu. Machozi hayo ni ya dharura. Hayana mafuta ya kutosha, kwa hiyo humwagika mashavuni badala ya kukaa juu ya jicho, na baada ya dakika chache ukavu hurudi. Hata hivyo, machozi yanayotoka jicho moja tu bila kukoma huweza kutokana na kuziba kwa njia inayoyapeleka puani, na hilo ni tatizo jingine kabisa.

4. Dalili zake ni zipi?

Watu wengi husema wanahisi mchanga ndani ya jicho. Wengine husema jicho linawaka, au kope ni nzito asubuhi na zina tongotongo kavu, au maandishi yanafifia kisha yanarudi baada ya kupepesa. Kufifia huko kunakorekebishwa na kupepesa ni dalili nzuri ya kuitaja kliniki, kwa sababu miwani haiiondoi. Kingo za kope huweza kuwa nyekundu na nene, na chokea hujirudia (tazama swali la 17).

5. Hewa ya pwani ina unyevu. Inawezekanaje macho yakauke Tanga?

Unyevu husaidia, lakini haufiki kila mahali. Dereva wa bodaboda asiye na miwani anapokwenda Pongwe au Muheza hupigwa na upepo mfululizo, uwe wa kaskazi au wa kusi. Anayelala chini ya feni inayomwelekea usoni hukaushwa usiku kucha, hasa kama kope zake hazifungi vizuri. Ofisi yenye kiyoyozi huondoa unyevu uliomo hewani. Ongeza moshi wa kuni na mkaa katika jiko lisilo na dirisha, na vumbi la singa za mkonge katika korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, uone jinsi hali ya hewa ya nje isivyoweza kumlinda mtu peke yake.

## Chanzo na vipimo

6. Tezi huziba kwa sababu gani?

Umri ni sababu kubwa: idadi ya tezi zinazofanya kazi hupungua kadiri miaka inavyosonga, na kwa wanawake mabadiliko ya homoni baada ya kukoma hedhi huongeza tatizo. Wapo wenye ugonjwa wa ngozi unaoleta wekundu mashavuni na puani. Kwa watu weusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo husahaulika. Dawa za chunusi za kumeza zenye isotretinoini huzikausha tezi. Wadudu wadogo sana wasioonekana kwa macho, waitwao Demodex, huishi kwenye vinyweleo vya kope na wakizidi huleta uvimbe na magamba yanayozunguka shina la unywele.

Kwa vijana, simu ndiyo mshtakiwa wa kwanza. Anayetazama skrini hupepesa mara chache, na mara nyingi hupepesa nusu, kope ya juu isiifikie ya chini. Kope zisipokutana, tezi hazikamuliwi.

7. Je, wanja unaruhusiwa?

Wanja uliopakwa nje ya nywele za kope una madhara madogo. Unaopakwa ndani, kwenye ule ukingo wenye unyevunyevu, hukaa juu ya milango ya tezi zenyewe na kuichafua. Bi harusi wa siku moja hatadhurika sana. Anayepaka hivyo kila asubuhi kwa miaka ishirini anajizibia. Zaidi ya hayo, baadhi ya wanja wa unga hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto wachanga wanaopakwa kwa urembo au kwa kuogopa kijicho. Kwa mtoto, jibu ni moja: usimpake.

8. Nitajuaje kama si vikope au mzio?

Mzio huwasha sana, kiasi cha mtu kutaka kusugua macho mfululizo, na huwapata watoto na vijana zaidi. Vikope, yaani trakoma, ni maambukizi ya bakteria yanayoenea kwa mikono, nguo na nzi. Yakijirudia kwa miaka huacha makovu ndani ya kope ya juu, hadi nywele zikageukia ndani na kukwaruza jicho. Mzee anayesema kuna kitu kinamchoma kila akipepesa, au anayejing'oa nywele za kope kwa kibanio, aende kupimwa vikope kwanza kabla ya kuanza kukanda macho kwa kitambaa cha moto (tazama swali la 10). Makovu hayo pia huweza kuharibu tezi za mafuta, kwa hiyo mtu mmoja huweza kuwa na yote mawili.

9. Hospitalini hupimwa nini?

Mtaalamu huitazama kope kwa darubini ya macho, kisha huibonyeza taratibu aone kinachotoka: mafuta maangavu, maziwamaziwa, mazito kama uji, au hakuna. Huweka rangi ya njano machoni na kuhesabu sekunde tangu upepese hadi utando wa machozi upasuke. Chini ya sekunde 10 huashiria kasoro. Kipimo cha karatasi inayoning'inizwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5 huonyesha wingi wa maji. Karatasi ikilowa vizuri na utando ukapasuka haraka, shaka huangukia mafuta.

Kwa mkazi wa Tanga, mahali pa kuanzia ni kitengo cha macho cha hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Wanaohitaji uchunguzi zaidi huelekezwa KCMC Moshi, Muhimbili au CCBRT Dar es Salaam.

## Matibabu ya nyumbani

10. Namna sahihi ya kukanda macho ni ipi?

Karibu kila anayesema "nilikanda haikusaidia" alikanda kwa dakika moja. Fundi cherehani mmoja alituonyesha afanyavyo: alichovya ncha ya khanga katika bakuli la maji ya vuguvugu, akaiminya, akaigusisha machoni, akaiondoa, akasema tayari. Khanga ile ilikuwa imepoa kabla hajamaliza kuhesabu ishirini. Mafuta yaliyoganda hayajali nia ya mtu. Yanahitaji joto la nyuzi 40 hivi lidumu kwa dakika 8 hadi 10.

Nawa mikono. Weka kando yako chupa ya chai yenye maji ya moto, bakuli, na vitambaa viwili safi visivyo vyepesi; taulo ndogo ni bora kuliko khanga. Changanya maji hadi yawe ya moto unaovumilika, chovya kitambaa, kiminye, kisha kijaribu upande wa ndani wa kifundo cha mkono kwa sekunde kadhaa. Kikichoma hapo, kitachoma kope, ambayo ni ngozi nyembamba kuliko ile. Fumba macho na ukiweke bila kukandamiza. Kitambaa cha majimaji hupoteza joto ndani ya dakika 2 hivi, kwa hiyo cha pili kiwe tayari majini, ubadilishane navyo hadi dakika 10 zitimie, ukiongeza maji ya moto kila bakuli linapopoa.

Wengine hutumia soksi safi ya pamba iliyojazwa mchele mkavu na kupashwa moto. Hiyo hutunza joto muda mrefu zaidi, lakini huweza kuwa na sehemu zenye moto mkali, hasa ikipashwa kwenye kikaango, nasi tumeona kope zilizoungua. Itikise vizuri na uijaribu mkononi kila mara. Katika wiki za mwanzo kanda mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku. Hali ikitulia, mara moja kwa siku hutosha.

11. Baada ya kukanda nifanye nini?

Kamua mara moja, mafuta yangali laini. Kwa ncha ya kidole safi, telezesha kope ya juu kuelekea chini na ya chini kuelekea juu, daima kuuelekea ukingo wenye nywele, mara tano hadi kumi kila sehemu. Nguvu iwe ya kope, isifike kwenye mboni. Aliyefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni, au mwenye presha ya macho, asikamue kabla ya kuuliza.

Kisha safisha mizizi ya nywele za kope kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au matone machache ya shampuu ya watoto yaliyozimuliwa kwa maji mengi. Sabuni ya kufulia na sabuni ya dawa havifai. Mafuta ya mti wa chai, yanayouzwa kwa ajili ya wale wadudu wa swali la 6, yasipakwe bila kuzimuliwa: huunguza uso wa jicho.

12. Nitaona nafuu baada ya muda gani?

Wiki 4 hadi 6 kwa anayefanya kila siku, na mara nyingine zaidi. Ugonjwa huu ni wa kudumu kama ulivyo wa shinikizo la damu. Unatulizwa, na ukiacha kuutunza hurudi. Anayeahidiwa kupona kwa chupa moja anauziwa chupa.

13. Ninunue matone gani?

Machozi ya bandia hulainisha jicho wakati tezi zikitibiwa, hayafungui kilichoziba. Yale yenye mafuta ndani yake huwafaa zaidi wagonjwa hawa yanapopatikana. Anayehitaji kutia zaidi ya mara 4 kwa siku atafute yasiyo na kihifadhi, kwa sababu benzalkoniamu, kihifadhi kinachotumika sana, chenyewe huchubua uso wa jicho. Matone ya kuondoa wekundu si machozi ya bandia: hubana mishipa ya damu kwa saa chache, kisha wekundu hurudi umezidi.

14. Je, asali, maziwa ya mama, mate au mafuta ya nazi?

Usitie kitu chochote kati ya hivyo ndani ya jicho. Ubaya wake hautokani na kuwa ni vya kienyeji. Kitambaa cha moto nacho ni cha kienyeji, na ndicho tunachokisifu. Hivi vina vijidudu, na uso wa jicho lililokauka una michubuko midogo inayovipa njia ya kuingia. Kidonda cha kioo cha jicho huweza kuondoa uwezo wa kuona ndani ya siku chache.

15. Kula samaki au vidonge vya mafuta ya samaki kunasaidia?

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwapa wagonjwa wa macho makavu gramu 3 za omega-3 kila siku kwa mwaka mmoja, na wenzao mafuta ya zeituni. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti ya maana kati yao. Kwa hiyo hatumshauri mtu auze kuku anunue vidonge. Dagaa na jodari wa Tanga ni chakula chema kwa sababu nyingine.

## Dawa na mashine

16. Kwa nini nimeandikiwa doksisaiklini kama hakuna maambukizi?

Kwa dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 50 hadi 100 kwa siku kwa wiki kadhaa, dawa hii hutuliza uvimbe na huzuia vimeng'enya vya bakteria vinavyoharibu mafuta ya kope. Haifai kwa mjamzito wala kwa mtoto aliye chini ya miaka 8, kwani huathiri mifupa na meno yanayokua. Humezwa kwa maji mengi, mtu akiwa amekaa au amesimama, na asilale hapo hapo, kwa sababu kidonge kikikwama huchoma koo. Isimezwe pamoja na maziwa. Pia huifanya ngozi iungue juani kwa urahisi, jambo zito kwa mvuvi au mkulima. Wasioweza kuitumia huweza kupewa azithromaisini.

Onyo lililo kubwa zaidi linahusu matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, ambayo mara nyingi huchanganywa na dawa ya kuua bakteria katika chupa moja. Huleta nafuu ya ajabu kwa siku tatu, na hapo ndipo mtego ulipo: mgonjwa huirudia dukani chupa ile ile bila cheti. Yakitumika kwa miezi bila kusimamiwa, huweza kupandisha presha ya macho kimyakimya na kuleta mtoto wa jicho. Presha ya macho ikikwisha kuharibu mshipa wa kuonea, hakuna dawa inayourudisha. Daktari huweza kukuandikia steroidi kwa muda mfupi na kukupima. Ukiwa unayo chupa nyumbani na hukumbuki aliyekuandikia, nenda nayo kliniki isomwe.

Nje ya nchi zipo mashine zinazopasha kope joto na kuzikamua kwa pamoja. Iliyo maarufu, LipiFlow, hufanya hivyo kwa dakika 12. Ni njia nzuri na ya gharama kubwa, na kanuni yake ni ile ile ya taulo na chupa ya chai.

## Hali maalumu

17. Chokea inanirudia, au nina uvimbe mgumu usiouma. Je, ni jambo hilo hilo?

Mara nyingi ndiyo. Chokea huuma na ina usaha. Uvimbe mgumu usiouma, uitwao kalazioni, ni tezi iliyoziba hadi mafuta yakavujia ndani ya kope. Vyote hukandwa kama ilivyoelezwa katika swali la 10, na havitumbuliwi nyumbani. Kalazioni isiyoondoka kwa miezi hupasuliwa kwa upasuaji mdogo. Ila mtu mzima ambaye uvimbe wake unarudi mahali pale pale, au nywele za kope zimepukutika hapo, lazima akatwe kinyama kikapimwe, kwa sababu ipo saratani ya tezi hizi inayojifanya kalazioni.

18. Nikifunga Ramadhani, naweza kutia matone?

Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, rai mashuhuri ni kwamba kinachotiwa machoni hakifunguzi. Mwenye shaka amuulize shehe wake. Kukanda hakuna mjadala. Doksisaiklini huhamishiwa baada ya futari, wala isisubiri wakati wa kulala.

19. Ninasubiri upasuaji wa mtoto wa jicho. Nitibu kope kwanza?

Ndiyo, na mwambie daktari mapema. Jicho kavu huvuruga vipimo vya kuchagulia lenzi, na kope chafu huongeza hatari ya maambukizi baada ya upasuaji.

20. Tezi zilizokwisha kufa hurudi?

Iliyoziba hufunguka, iliyosinyaa kabisa kwa kawaida hairudi. Ndiyo maana mwenye miaka thelathini asingoje afike sitini.

21. Kinywa pia kinakauka na viungo vinauma. Kuna uhusiano?

Huenda ni ugonjwa wa Sjögren, ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate. Hapo upungufu ni wa maji yenyewe, na vipimo vya damu vinahitajika.

22. Ni lini nisikande, bali niende hospitali siku hiyo hiyo?

Jicho likiuma sana, uwezo wa kuona ukipungua na kupepesa kusiurudishe, mwanga ukichoma, doa jeupe likionekana juu ya mboni, au kama kuna kitu kimeingia au kulipiga jicho. Hali hizi hazisubiri Jumatatu. Nenda na kila chupa uliyokwisha kuitia.